Mwanasheria Aliyekwenda Kuuliza Majina ya Babu Zake

Wanangu wa Ibadakuli, na ninyi wa Mwadui, Kahama na Geita mnaosoma ukurasa huu, sogeeni karibu. Leo nina hadithi ya mwanasheria.

“Mjomba, mwanasheria si yule anayevaa joho jeusi mahakamani?”

Ndiye huyo. Na hongera kwa kuuliza, maana mtoto anayeuliza amekwisha kuianza kazi ya mwanasheria bila kujua. Joho ni nguo tu. Kazi yenyewe ni kuuliza. Nani alikuwepo? Nani aliona kwa macho yake? Karatasi iko wapi? Na yule wa upande wa pili anasemaje? Mwanasheria anauliza, anasikiliza, anaandika. Kisha anauliza tena.

Huyu wetu wa leo aliuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili analiweza. Babu yangu alikuwa nani? Na baba wa babu yangu? Na babu wa babu yangu je?

Jina lake Barack Obama.

“Aa, mjomba! Huyo si alikuwa rais wa Marekani?”

Alikuwa rais, tangu 2009 hadi 2017. Mwezi Julai 2013 alifika hata hapa Tanzania, na barabara moja ya pwani pale Dar es Salaam ikapewa jina lake. Lakini kabla ya kuwa rais alikuwa mwanasheria. Na kabla ya kuwa mwanasheria alikuwa kijana asiyejua kwao. Mambo ya ikulu mtayasoma kwingine. Mimi ninayempenda ni yule kijana asiyejua kwao, kwa hiyo ndiye nitakayemsimulia.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961 mjini Honolulu, kwenye visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari kubwa. Mama yake aliitwa Ann Dunham, Mmarekani mweupe mwenye asili ya Kansas. Baba yake naye aliitwa Barack Obama. Alikuwa Mjaluo kutoka Kenya aliyekwenda Hawaii kusoma chuo kikuu mwaka 1959. Wajaluo mnawafahamu. Ni jirani zetu wa ziwa. Sisi Wasukuma tuko kusini mwa Ziwa Viktoria, wao wako mashariki, Kenya na huku kwetu mkoa wa Mara. Maji tunayochota ni yale yale.

Wazazi hao waliachana mtoto akiwa mdogo sana. Baba akarudi Kenya. Akaja kumwona mwanawe mara moja, mtoto akiwa na miaka 10. Akakaa kama mwezi mmoja, akaondoka. Hawakuonana tena. Mwaka 1982 baba alikufa kwa ajali ya gari jijini Nairobi. Kijana alikuwa na miaka 21, yuko New York anasoma, na habari ilimfikia kwa simu.

“Kwa hiyo mjomba, ya baba yake hakuyajua?”

Aliyajua aliyosimuliwa na mama yake na wazazi wa mama yake. Walimsimulia mazuri matupu: baba yako alikuwa na akili, baba yako alikuwa jasiri, baba yako alikuwa na sauti nzito. Mtoto akapenda kusikia hivyo. Lakini alipokua akaanza kujiuliza: hivi mtu anaweza kuwa na mazuri matupu? Mnaona? Swali la mwanasheria limekwisha kuingia, na hajakanyaga hata darasa la sheria.

Alikuwa na dada wa upande wa baba, Auma, aliyelelewa Kenya. Kwa miaka mingi walikuwa hawafahamiani. Auma akamwandikia barua, kisha akasafiri kwenda kumwona Marekani. Akamweleza mambo ya baba ambayo hakuwahi kuyasikia. Baada ya hapo kijana hakutulia. Alitaka kwenda mwenyewe.

Mwaka 1988 akapata nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, na nafasi hiyo si ya kuchezea. Mwingine angekimbilia kununua vitabu. Yeye kabla ya kuingia darasani alikwenda Kenya. Alipanda treni ya usiku kutoka Nairobi hadi Kisumu, akapanda basi, akapanda matatu, mpaka Alego, kijiji cha Nyang’oma Kogelo. Kwanza akajifunze kwao, ndipo akajifunze sheria. Mimi huona hapo alipanga vizuri.

Huko Kogelo alimkuta bibi. Watu wote walimwita Mama Sarah. Huyu hakuwa bibi yake wa damu. Bibi wa damu aliitwa Akumu. Mama Sarah alikuwa mke mwingine wa babu, na ndiye aliyemlea baba yake. Kwetu mtoto haulizi zaidi ya hapo, na kwao vilevile. Bibi aliyekulea ni bibi yako.

Lakini kulikuwa na tatizo. Bibi hajui Kiingereza. Mjukuu hajui Kijaluo.

“Sasa waliongeaje, mjomba?”

Auma akawa mkalimani. Bibi anasema, Auma anageuza, kijana anasikiliza. Kijana anauliza, Auma anageuza, bibi anajibu. Taratibu, taratibu, siku ikapita hivyo.

Basi kijana akauliza swali lake. Bibi akaanza tangu mwanzo kabisa. Hebu na sisi tuyataje majina aliyoyataja, moja moja, kwa sauti. Wa kwanza anayekumbukwa ni Miwiru. Mtoto wa Miwiru ni Sigoma. Wa Sigoma ni Owiny. Wa Owiny ni Kisodhi. Wa Kisodhi ni Ogelo. Wa Ogelo ni Otondi. Wa Otondi ni Obongo. Wa Obongo ni Okoth. Wa Okoth ni Opiyo. Wa Opiyo ni Obama. Wa Obama ni Onyango, aliyekuja kuitwa Hussein Onyango baada ya kusilimu. Wa Onyango ni Barack. Na wa Barack ni huyu Barack aliyekaa pale mbele ya bibi, anasikiliza.

Umehesabu? Ni vizazi 13. Tukikadiria miaka 25 au 30 kutoka baba hadi mwana, kutoka kwa Miwiru hadi kijana yule ni miaka 300 au zaidi. Wakati wa Miwiru hakukuwa na nchi inayoitwa Kenya, wala Tanganyika. Nchi ya Marekani yenyewe ilikuwa bado.

“Bibi alikuwa anasoma kwenye daftari?”

Hapana. Yote yalikuwa kichwani.

“Sasa mjomba, utajuaje kama hakubuni?”

Ee! Hapo umenikonga moyo. Hilo ndilo swali lenyewe. Watu wazima wengi wakisikia mzee ametaja majina huitikia tu, wakaenda zao. Wewe umetaka ushahidi, na umefanya vyema. Kumuuliza bibi ushahidi si kumkosea adabu, mradi uulize kwa heshima. Njoo tuutafute pamoja.

Ushahidi wa kwanza uko ardhini. Katika majina yale yumo Ogelo. Kijiji nacho kinaitwa Kogelo, yaani kwao na Ogelo. Pia ng’ambo ya ghuba ya ziwa, huko Kendu Bay, upo mji wa ukoo uitwao K’Obama, kwa sababu ukoo ulihamia upande ule zamani, na Onyango alizaliwa huko kabla ya kurudi Alego na familia yake akiwa mtu mzima. Kwa hiyo majina ya bibi hayakuwa hewani. Mengine yamebaki kwenye kijiji, kwenye mji, kwenye kaburi. Na hapa kwetu fanya vivyo hivyo. Tembea mitaani uulize mtaa huu, kisima hiki, mlima huu umepewa jina la nani. Mara nyingi utakuta mtu.

Ushahidi wa pili umo ndani ya majina yenyewe. Hapa watoto wa Kisukuma mtanielewa kuliko watoto wengine wote. Kwetu pacha wa kwanza ni nani? Kulwa. Wa pili? Doto. Anayezaliwa baada ya mapacha? Shija. Aliyezaliwa mvua ikinyesha? Mabula. Hakuna haja ya kuuliza, jina limekwisha kusema. Wajaluo nao wana mpango huo huo. Pacha wa kwanza wa kiume ni Opiyo, wa pili ni Odongo, anayewafuata ni Okello. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth. Aliyezaliwa jua limeshapanda asubuhi ni Onyango. Sasa rudi kwenye orodha ya bibi. Tunajua Okoth alizaliwa siku ya mvua. Tunajua Opiyo alikuwa pacha. Mama wa Okoth hatumjui jina, lakini tunajua siku aliyojifungua mvua ilikuwa inanyesha. Ni miaka mingapi imepita, na bado tunajua mvua ilinyesha! Angezaliwa Ibadakuli angeitwa Mabula, na mwanawe angeitwa Kulwa.

Ushahidi wa tatu ni karatasi. Bibi alikuwa amehifadhi kijitabu kidogo chenye rangi ya kutu. Akampa mjukuu. Ngoja nikiache kijitabu chenyewe kizungumze, maana kilikaa kimya miaka mingi.

“Mimi ni kijitabu cha mtumishi. Nimetokana na sheria ya serikali ya kikoloni ya Kenya ya mwaka 1928. Mzungu aliyetaka mpishi au boi alinifungua kwanza mimi, ndipo akamtazama mtu. Ndani yangu kuna alama za vidole gumba vya Hussein Onyango. Wameandika kimo chake. Wameandika rangi ya ngozi. Wameandika pua, wameandika mdomo, wameandika nywele. Wameandika kwamba meno sita hayapo. Hawakuandika kwa nini hayapo, wala mimi sikupewa nafasi ya kuandika kwa nini. Kisha mabwana waliandika maoni yao. Mmoja alisema anapika vizuri sana, tena anajua kusoma na kuandika Kiingereza. Mwingine alikaa naye wiki moja tu, akaandika kwamba hafai, hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Nimebeba sifa, nimebeba matusi. Alinitunza mwenyewe, kisha mke wake akanitunza. Leo mjukuu ananisoma.”

“Mjomba, kwa nini meno sita hayakuwepo?”

Kwa sababu zamani kijana wa Kijaluo aling’olewa meno sita ya mbele ya chini. Ilikuwa alama kwamba amekuwa mtu mzima wa kabila lake. Yule karani aliona pengo. Bibi na wazee wa Kogelo waliona heshima.

“Kwa hiyo kijitabu kilidanganya?”

Hakikudanganya. Meno sita kweli hayakuwepo. Lakini kilisema neno la upande mmoja. Kila karatasi imeandikwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu zake za kuandika. Ndiyo maana mwanasheria akishasoma karatasi hasemi kesi imekwisha. Anarudi kwa shahidi. Kijitabu kilisema huyu ni mtumishi. Bibi alisema mengine. Alisema Onyango akiwa kijana aliondoka kwenda mjini kwa wazungu, na aliporudi alikuwa amevaa suruali, shati na viatu, watoto wakamwogopa. Alisema alikuwa mtu wa usafi mkali. Alisema alikuwa mchapakazi shambani. Alisema pia alikuwa mkali kupita kiasi kwa wake zake na watoto wake, hata Akumu, yule bibi wa damu, akakimbia nyumba. Hayo kijitabu hakikujua.

Na zilikuwepo barua. Baba yake Obama alipokuwa kijana aliandika barua nyingi kwa vyuo vya Marekani, akieleza anavyotaka kusoma, akiomba nafasi. Bibi alizitunza nazo. Mjukuu akazishika mkononi. Bila barua zile baba asingefika Hawaii, na asingefika Hawaii mwanawe asingezaliwa. Kwa mwenye macho ya juu juu ni karatasi kuukuu. Wanangu, msichome karatasi kuukuu nyumbani kabla ya kumuuliza mkubwa.

Sasa nitawaambia neno gumu kidogo. Kijana yule alikwenda kutafuta babu shujaa na baba shujaa. Aliyemkuta ni babu mkali aliyeogopwa, na baba mwenye akili nyingi aliyerudi nyumbani na shahada, akagombana na wakubwa serikalini, akapoteza kazi, akaanza kunywa pombe sana. Kogelo makaburi yao yako jirani, la Onyango na la Barack baba. Kijana akakaa katikati yake, akalia.

“Alilia, mjomba? Mtu mzima?”

Alilia, na akaandika mwenyewe kwamba alilia. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Ukienda kuuliza habari za ukoo usitegemee kuletewa mazuri tu. Wapo walioiba ng’ombe. Wapo waliowapiga wake zao. Wapo waliokimbia watoto. Bibi akikwambia jambo la namna hiyo, ujue amekuamini. Usilifute. Wala usiende kulitangaza gulioni.

Kijana akarudi Marekani, akaingia darasa la sheria. Mwaka 1990 wanafunzi wenzake wa Harvard walimchagua kuwa mkuu wa jarida lao la sheria, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Habari ikasambaa, na wachapishaji wakamwomba aandike kitabu. Walitegemea labda kitabu cha mambo ya haki na ubaguzi. Yeye akaandika kitabu cha ukoo wake. Alimaliza sheria mwaka 1991, akaenda Chicago, akawa mwanasheria wa kutetea watu waliobaguliwa kazini na wapiga kura walionyimwa haki, huku akifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1992 hadi 2004. Mchana sheria, muda uliobaki majina ya babu zake. Kitabu kilitoka mwaka 1995. Kinaitwa Dreams from My Father. Wakati ule hakikununuliwa sana. Miaka ilipopita na yeye akajulikana, dunia nzima ikakisoma, na majina ya akina Miwiru na Kisodhi yakafika mahali ambapo wenyewe wasingepaota.

Sasa nikuulize wewe, maana umeuliza vya kutosha. Katika yale majina 13, kuna jina lolote la mwanamke?

Fikiri. Rudi juu usome tena.

Halipo. Hata moja. Bibi mwenyewe alilisema wazi: majina ya wanawake waliowazaa wanaume wale yamesahaulika, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi. Inaniuma kila ninapolifikiria. Okoth alizaliwa mvua ikinyesha, lakini alijizaa mwenyewe?

Jioni ng’ombe wanaporudi kutoka machungani, njia zao zinakutana zizini. Wewe ndiwe zizi. Njia mbili zinaingia kwako, moja ya baba na moja ya mama. Ifuate ya baba kurudi nyuma, utakuta inagawanyika: baba yake na mama yake. Ifuate ya mama, nayo inagawanyika. Kwa hiyo wazazi wawili, babu na bibi wanne, nyuma yao wanane, nyuma yao 16, kisha 32, kisha 64. Endelea kuzidisha kwa mbili mpaka hatua ya 12, mahali alipo Miwiru. Unapata ngapi? Njia 4,096. Wengine watajirudia, maana zamani watu walioana jirani, mtu mmoja akatokea kwenye njia mbili au tatu. Lakini hata ukipunguza hao, bado ni umati. Bibi alifuata njia moja tu, ya baba wa baba wa baba. Alifuata aliyofundishwa. Nyingine zote zikaota majani.

Moja ya njia hizo ilikuja kufyekwa baadaye, tena mbali sana na Kogelo. Ni ya upande wa mama yake Obama. Wachunguzi wa koo walifuata kumbukumbu nyuma, nyuma, mpaka wakafika kwa kijana aliyeitwa Falmouth Kearney, aliyehama kutoka kijiji cha Moneygall nchini Ireland akafika Marekani mwaka 1850. Wakati huo Ireland ilikuwa imepigwa na njaa kubwa, viazi vimeozea shambani, watu wanakufa, wengine wanapanda meli. Safari hii hakukuwa na bibi wa kusimulia. Kulikuwa na daftari la kanisa. Mwaka 2007 mchungaji wa huko alifungua madaftari ya zamani ya parokia, akalikuta jina la ukoo. Mwezi Mei 2011 Obama, sasa rais, alikwenda Moneygall, wakampokea kwa shangwe.

Mmeona ajabu yake? Upande wa baba, majina 13 yalitunzwa kichwani bila karatasi. Upande wa mama, jina lilitunzwa kwenye karatasi bila mtu wa kulikumbuka. Njia zote mbili zilimfikisha. Anayesema Waafrika hatuna historia kwa sababu hatukuandika, mwambie habari za Mama Sarah. Na wewe ukisema huna haja ya kuandika kwa kuwa bibi yupo, kumbuka daftari la yule mchungaji.

“Mjomba, yote aliyosema bibi yalikuwa kweli?”

Si yote. Mwaka 2012 mwandishi mmoja Mmarekani, David Maraniss, alitoa kitabu kikubwa kuhusu ukoo huo baada ya kuwahoji watu wengi. Baadhi ya masimulizi ya nyumbani hayakupata shahidi wa pili. Obama mwenyewe alikuwa amekwisha kusema mwanzoni mwa kitabu chake kwamba baadhi ya watu aliowaandika amewachanganya, na mazungumzo ameyaandika kwa kukadiria. Mimi sioni kwamba hilo linamvunjia bibi heshima. Bibi alisimulia alichosikia na alichokiona. Mtu wa pili akapima. Wa tatu atapima tena. Kazi ya ukoo haimalizwi na mtu mmoja.

Mama Sarah alifariki tarehe 29 Machi 2021, amekaribia miaka mia. Fikirini kama kijana yule angesema mwaka 1988, “Ngoja kwanza nimalize shule, nipate kazi, nijenge, ndipo niende.” Kwa bahati hakusema hivyo. Alikwenda bibi akiwa na nguvu.

Sasa turudi kwetu. Huku kwetu watu hawakai. Tangu almasi ya Mwadui igunduliwe mwaka 1940, watu wamehama kuifuata. Dhahabu ya Geita na Kahama nayo ikawavuta, wakahama tena. Wenye mifugo wamehamia Rukwa, Usangu, Morogoro, mpaka Lindi. Baba yuko mgodini, mjomba yuko Katavi, shangazi yuko Dar es Salaam. Mtoto aliyezaliwa mgodini anaweza kufika darasa la saba hajui babu yake kazikwa wapi. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia.

“Lakini mjomba, nikijua itanisaidia nini?”

Swali zuri, tena la haki. Nenda Mahakama ya Mwanzo yoyote uulize. Mtu akifariki, hakimu akitaka kumteua msimamizi wa mirathi, huletewa muhtasari wa kikao cha ukoo: nani ni mke, nani ni watoto, nani ni ndugu. Asiyejulikana na ukoo wake huhangaika. Shamba linakwenda, ng’ombe wanakwenda, naye amesimama nje. Msaada mmoja ndio huo.

Na uko mwingine mkubwa zaidi. Mwaka 2009 Bunge letu lilitunga Sheria ya Mtoto. Kifungu cha 6 kinasema mtoto ana haki ya jina, ana haki ya uraia, na ana haki ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na jamaa wa ukoo wake. Haki, wanangu. Sheria haikusema ni hisani. Ukimuuliza bibi jina la mama yake, hunyanyui pua kwa wakubwa. Unadai kitu ambacho Jamhuri ya Muungano imekwisha kukupa.

Basi likizo hii chukua daftari la kurasa 40, hata lile lililobaki nusu. Keti na bibi au babu wakati hana kazi nyingi, umsaidie kuchambua mchicha mkiwa mnaongea. Usianze na maswali makubwa. Uliza: ulizaliwa wapi? Nani alikupa jina hilo? Alizikwa wapi huyo? Ndugu zake walihamia wapi? Uliza kama kuna kadi ya TANU, cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kodi ya zamani, picha. Usiichukue, inakili tu uirudishe. Andika jina la aliyekusimulia na tarehe. Kisha nenda kwa mwingine, umuulize yale yale, uone wanapopatana na wanapotofautiana. Wakitofautiana andika yote mawili.

Na kila ukiandika jina la mwanamume, simama hapo hapo uulize jina la mama yake. Usigeuze ukurasa mpaka ulipate, au mpaka uwe na hakika kwamba hakuna aliye hai anayelijua.